Maswali ya Wasomaji: Mwenye Usonji Darasani, kwa Kinyozi na Karakanani

Barua za mwezi huu zimefuatana kwenye jambo moja: usonji (kwa Kiingereza autism), yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana na anavyohisi mambo. Tumechagua saba. Wanaouliza si wazazi peke yao. Yumo mwalimu, yumo kinyozi, yumo fundi seremala, na hilo limetupa faraja kubwa, kwani mtoto mwenye usonji halelewi na mama yake tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, shule yenye wanafunzi 1,000 ina karibu wanane, wajulikane wasijulikane.

Ninafundisha darasa la pili, wanafunzi 83. Mmoja ana miaka minane na hospitali wamethibitisha ana usonji. Kengele ikigongwa huziba masikio, hupiga kelele, mara nyingine hukimbia nje. Nikimwambia "niangalie" hageuki. Siku ya mvua ndiyo balaa. Mwalimu mkuu anataka apelekwe shule nyingine. Nitamsaidiaje bila kuwaacha wenzake 82? — Mwalimu, Morogoro

Mwalimu, pole na kazi. Tuanze na mvua, maana umegusa jambo ambalo wengi hawalioni. Katika darasa la mabati lisilo na dari, mvua kubwa ikishuka hata wewe hunyamaza kwa kuwa hamsikilizani. Ila ikiwa ya wastani, ubongo wako huisukuma pembeni ukaendelea na somo. Kwa watu wengi wenye usonji uchujaji huo hautokei: mvua, dawati linaloburutwa, kikohozi cha jirani na sauti yako huingia kwa pamoja, vyote vikiwa na uzito mmoja. Akiziba masikio anajitibu. Usimtoe mikono, na usiruhusu wenzake wamtoe.

Mtafutie vifuniko vya masikio kama vile wanavyovaa mafundi wa mashine za kusaga. Maduka ya vifaa vya ujenzi huwa navyo. Avivae mvua ikianza, wakati wa kengele na kwenye mstari wa asubuhi, kisha avivue. Akishinda navyo kutwa nzima, sauti za kawaida nazo zitaanza kumuumiza, kwa sababu masikio yamezoea ukimya. Siku mvua ikizidi, awepo mahali anapojua atapelekwa: ofisi yenye dari, au stoo ya vitabu. Apaone siku ya jua kwanza.

Kengele ina dawa yake. Kinachomtesa ni ukubwa wa sauti, na pia kutojua inakuja lini. Dakika mbili kabla, nenda mezani kwake, umwonyeshe kadi yenye picha ya kengele. Baada ya wiki mbili hivi, mjaribu kwenye kazi ya kugonga kengele yenyewe, akiwa na vifuniko vyake. Rimu ile ile ya gari iliyotundikwa mwembeni kuwa kengele ina sauti tofauti kabisa kwa anayeshika nondo mkononi. Akikataa, usimlazimishe, rudi kwenye kadi.

Mahali pa kukaa: mstari wa mbele, pembeni, bega moja likielekea ukutani. Asikae mlangoni wala dirishani, na katikati ndipo pabaya zaidi, maana anaguswa pande zote nne. Nyuma ya kabati au kwenye kona weka mkeka. Pale ndipo atakapokwenda akizidiwa, akae dakika tano hadi kumi, arudi. Mkeka huo usitumike kumwadhibu mtu yeyote, hata mara moja. Ukishageuzwa jela, hatakwenda tena, na atakimbilia nje kama anavyofanya sasa.

Kisha tengeneza ratiba ya picha. Kata manila vipande vya sentimita 10 kwa 10, chora kitu kimoja kila kipande: kitabu, uji, mpira, choo, begi la kurudi nyumbani. Funga kamba ukutani karibu naye, ning'iniza picha kwa vibanio vya nguo kuanzia kushoto. Kipindi kikiisha, yeye mwenyewe aitoe picha na kuitia kwenye kopo. Wiki ya kwanza weka picha mbili tu, "kwanza" na "halafu". Ratiba hizi hufa kwa njia tatu: mwalimu anaweka picha kumi siku ya kwanza, au anaikumbuka ratiba mtoto akishakasirika, au ratiba inabadilika na picha haibadiliki. Hilo la tatu ndilo baya kupita yote. Kama mwalimu wa hesabu hayupo, geuza picha mbele ya macho yake kabla kipindi hakijafika.

Maagizo yawe mafupi. Taja jina lake, nyamaza, toa agizo moja: "Toa daftari." Hesabu moyoni hadi kumi. Walimu wengi hurudia baada ya sekunde mbili, tena kwa maneno mengine ("Hujasikia? Daftari lako liko wapi? Haya, fanya haraka!"), na kila sentensi mpya humlazimu aanze upya kuichambua. Akikawia, rudia maneno yale yale. Na hilo la "niangalie" liache kabisa. Wengi wenye usonji husikiliza vizuri zaidi macho yakiwa kwenye ukuta au kwenye vidole vyao, kwa sababu uso wa mtu una mambo mengi yanayosogea. Muulize ulichosema, ndipo utajua kama alisikia. Mafumbo nayo yapunguze. Ukimwambia "chunga ulimi" huenda akashika ulimi wake.

Kwa wenzake, chagua watoto watatu wanaopokezana kila wiki kukaa naye na kucheza naye mapumziko. Mmoja peke yake atageuka yaya, kisha atachoka. Waambie ukweli kwa lugha ya miaka minane: masikio yake yanaumia kwa kelele, akipunga mikono amefurahi au anajituliza, usimkumbatie ghafla. Watoto hulielewa hili upesi kuliko watu wazima.

Kiboko kisimguse. Kelele na kukimbia ni dalili za kuzidiwa. Ukiongeza maumivu juu ya kuzidiwa unaongeza kile kile kilichomlipua, na shule nzima inakuwa mahali pa hofu. Badala yake, kwa wiki mbili andika katika daftari lenye safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Andika na saa. Mara nyingi kitaibuka kitu ambacho hakuna aliyekidhania: kola ya sare iliyopigwa wanga, njaa ya saa nne, au choo chenye giza na harufu kali anachokiogopa hadi anabana mkojo kutwa.

Kuhusu mwalimu mkuu, hapa hatuna la kupindisha. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu, wa umri wowote, haki sawa ya elimu na mafunzo katika mazingira jumuishi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema hivyo katika ibara ya 24. Shule yenye kitengo maalumu inaweza kumfaa mtoto fulani, lakini uamuzi huo hufanywa pamoja na mzazi, baada ya tathmini. Kumwondoa ili darasa litulie si sababu. Mwandikie afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri yako, uambatishe lile daftari la safu tatu. Omba pia mwalimu aliyesomea elimu maalumu, mathalani kutoka Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha, aje darasani siku mbili.

Mwanangu alikuwa na maneno kama kumi, akifika mwaka mmoja na nusu yakapotea. Sasa ana miaka mitatu, haitiki jina, anapanga vifuniko vya chupa kutwa. Mama mkwe anasema amechezewa, ana jini, na ameshatafuta mtu wa kumfukiza. Mimi naambiwa sikumlea vizuri. — Mama, Tanga

Dada, pole sana. La kulea lisikuibie usingizi. Kuna wakati hata wataalamu wa Ulaya na Marekani waliwalaumu kina mama kwa "ubaridi" wao. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia Mmarekani ambaye mtoto wake mwenyewe alikuwa na usonji, aliivunja hoja hiyo kwa ushahidi, na utafiti uliofuata umeizika. Usonji unatokana na jinsi ubongo unavyokua tangu tumboni, na sehemu kubwa ya chanzo chake ni urithi wa vinasaba. Kupoteza maneno kati ya mwaka mmoja na miwili hutokea kwa baadhi ya watoto hawa. Ndiyo sababu watu huona kama mtoto "alibadilishwa" ghafla.

Sasa fanya hivi, kwa utaratibu huu. Kwanza, masikio. Mtoto asiyeitika jina huenda hasikii, na usaha wa muda mrefu sikioni unatosha kuleta hilo. Omba rufaa ya kupimwa usikivu hata kama anageuka akisikia mfuko wa biskuti ukifunguliwa. Pili, mweleze daktari kama huwa anakodoa macho na kuganda kwa sekunde kadhaa, au anashtuka shtuka usingizini; kifafa huambatana na usonji mara nyingi kuliko kwa watoto wengine, na kina dawa. Tatu, omba tathmini ya ukuaji katika hospitali ya rufaa ya mkoa au kwa daktari bingwa wa watoto. Nenda na kadi ya kliniki na video fupi tatu za simu: akicheza peke yake, akiitwa jina, akila. Chumbani kwa daktari mtoto huweza kuganda tu, na video ndiyo itakayosema.

Usingoje majibu ndipo uanze. Kaa naye sakafuni dakika 15 mara mbili kwa siku. Anapanga vifuniko? Panga na wewe. Baki na kimoja mkononi, msubiri akitafute kwa macho au kwa mkono, mpe papo hapo huku ukisema neno moja: "Kifuniko." Maji yaweke kwenye kikombe anachokiona asichokifikia, ili awe na sababu ya kukuomba. Mfundishe kukupa picha ya kikombe apate maji. Kuna hofu kwamba picha zitamfanya asiseme. Hazimzuii mtoto kusema, na kwa baadhi ndizo zinazofungua njia ya maneno.

Mama mkwe usimshinde kwa hoja, atakuona umesoma tu. Dua na sala za kumwombea mtoto hazina madhara, mruhusu. Lakini yako mambo manne ambayo lazima wewe na mumeo myakatae kwa kauli moja: kufukiza moshi, kuchanja ngozi, kunywesha kitu kisichojulikana na kumfunga au kumfungia. Moshi hudhuru mapafu, chale huingiza vijidudu. Hali kadhalika na dawa za kisasa za uongo: ipo inayouzwa kwa jina la "madini ya miujiza", ambayo kwa kweli ni kemikali ya jamii ya ile ya kuweupishia nguo, na huunguza utumbo. Usonji hauna dawa ya kuuondoa. Anayekuuzia anakula fedha yako.

Kisha mpe bibi kazi. Mkabidhi zile dakika 15 za jioni. Mjukuu akimpa picha ya kikombe kwa mara ya kwanza mbele yake, maneno mengi ya uani yatapungua yenyewe.

Je, chanjo ya surua ndiyo inayoleta usonji? Nimetumiwa ujumbe kwenye simu. — Baba, Kigoma

Hapana. Madai hayo yalitoka kwa daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, mwaka 1998, kwa andiko lililohusu watoto 12 tu. Jarida lililolichapisha, The Lancet, lilifuta andiko hilo mwaka 2010, na mwaka huo huo alifutwa katika orodha ya madaktari Uingereza. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto 657,461: waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Dalili huonekana umri ule ule wa chanjo, na huko ndiko kuchanganya kulikoanzia. Mpeleke mtoto achanjwe. Surua inaua.

Nina saluni ya wanaume. Mteja wangu humleta mtoto wa miaka saba mwenye usonji, na inabidi watu wawili wamshike. Analia mpaka anatapika. Naona huruma, lakini kazi lazima iishe. — Kinyozi, Mombasa

Ndugu, swali lako limetugusa, na ufundi wako unaweza kuyabadilisha maisha ya mtoto huyo. Anza kwa kuacha kumshika. Kila anaposhikwa, anajifunza kwamba kiti hiki ni mahali pa kukabwa, na mara ijayo ataanza kulia barabarani.

Fahamu kinachomuuma. Mashine inatetemeka juu ya mfupa wa fuvu, sauti iko sentimita chache na sikio, nywele zilizokatwa zinachoma shingoni kama miiba, kitambaa kinabana koo, spiriti inawasha, na kioo kinamwonyesha watu wanaomtazama. Viondoe kimoja kimoja. Aje asubuhi ya siku ya kazi, saa tatu au saa nne, saluni ikiwa tupu. Muziki uzime, feni uizime, kiti kigeuze kisitazame kioo. Avae fulana yake ya zamani badala ya kitambaa, na umfute kwa taulo lenye maji ya uvuguvugu badala ya brashi na poda. Spiriti kwake iache. Safisha mashine vizuri kabla hajafika.

Safari ya kwanza hakuna kunyoa. Akae, ashike mashine iliyozimwa, aondoke. Safari ya pili iwashe ukiwa umesimama hatua tatu kutoka kwake, uizime, uiwashe tena, akiona kidole chako kwenye swichi. Ya tatu mguse mgongoni mwa mkono kwa upande wa mpini, kisha begani, huku mkihesabu pamoja hadi tano na kusimama hapo hata kama anakubali zaidi. Hesabu ni ahadi. Ukifika tano ukaendelea, umeivunja. Ndipo uje kwenye nywele. Anza utosini, malizia kisogoni na kando ya masikio, kwani huko ndiko kwenye hisia kali. Paka meno ya mashine mafuta, maana meno butu hung'oa badala ya kukata, na uyaguse kwa kidole kila baada ya dakika chache: yakipata joto, badili au pumzika. Ikibidi tumia mkasi siku za mwanzo.

Akiondoka amenyolewa nusu kichwa, aondoke. Amalizie kesho kutwa. Mwambie mzazi mapema, asione aibu, na wateja wengine wakicheka wewe ndiye mwenye nyumba, wanyamazishe.

Kijana wetu wa miaka tisa hutoroka. Mlango ukibaki wazi dakika moja, hayupo. Tunaishi karibu na ziwa. Majirani wanatushauri tumfunge kamba mchana tunapokuwa kazini. — Familia, Mwanza

Msimfunge. Kamba hukata ngozi, hudumaza misuli, na moto ukitokea mtoto amekwisha. Kumfungia kwa kufuli la nje bila mtu ndani ni hatari ile ile.

Hofu yenu ni ya haki. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji, na kuzama ndiko kunakowaua wengi wanaotoroka. Kwa hiyo somo la kwanza ni kuogelea, au angalau kuelea chali na kushika ukingo, pamoja na mtu mzima aliye ndani ya maji umbali wa mkono mmoja. Afundishwe pia akiwa na nguo na viatu, kwa sababu ndivyo atakavyokuwa siku hiyo. Kisima na pipa la maji vifunikwe kwa kitu asichokiinua.

Mlangoni wekeni komeo la ndani juu kabisa, asipofikia yeye ila anafikia mtu mzima yeyote, na kengele ndogo inayolia mlango ukisogea. Andikeni namba ya simu kwa kalamu isiyofutika upande wa ndani wa fulana zake zote. Wengi hawavumilii bangili. Kisha tembeeni mtaani naye: kijiwe cha bodaboda, mama lishe, wavuvi pale mwaloni, mwenyekiti wa mtaa. Waoneni uso kwa uso, waacheni na picha yake ya karibuni na namba zenu, na muwaambie jambo moja: mkimwona peke yake msimkimbize wala msimpigie kelele, simameni kati yake na maji, mpigieni simu mama yake.

Akipotea, nendeni majini kwanza, kabla ya kuzunguka nyumba kwa nyumba. Mtu mmoja abaki nyumbani. Msitegemee aitike jina. Pigeni kwa simu wimbo anaoupenda. Akipatikana asichapwe. Na muulizane anatoroka kwenda kupata nini. Kama ni kutazama mawimbi, mpelekeni kila siku saa ile ile, kwa mkono wenu.

Nimempokea kijana wa miaka 21 mwenye usonji kwenye karakana yangu. Vipimo vyake havikosei hata milimita. Ila nikibadili kazi katikati anakasirika na kuondoka, na wateja wanasema ana kiburi, hasalimii. — Fundi seremala, Kahama

Fundi, umepata mtu wa kazi, sasa panga kazi ifanane naye. Agizo la mdomo katikati ya kelele za randa hupotea. Mwandikie ubaoni asubuhi: kazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja na mchoro wake na vipimo. Acha mstari mmoja mtupu chini, ulioandikwa "huenda ikaja nyingine". Mstari huo utakusaidia sana: dharura ikija ina mahali pake. Anayempa kazi awe mmoja tu. Usimwambie "mbao mbili tatu" au "piga msasa kidogo". Sema mbao tatu, msasa namba 120, mpaka kidole kisikwame. Akikuambia umekosea kipimo mbele ya wateja, pima kwanza kabla ya kukasirika.

Kwa wateja, mfundishe maneno matatu ya kudumu: "Karibu. Fundi anakuja." Yanatosha. Wewe waambie, "Huyu si wa maneno mengi, kazi yake itakusemea."

Na malipo. Tunalisema kwa sababu tunaliona kila mahali: kijana mwenye usonji anafanya kazi ya fundi na kulipwa chai na nauli, eti anasaidiwa. Kazi sawa, ujira sawa, umlipe mkononi mwake na hesabu aione imeandikwa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Karakana yako huenda ni ndogo kuliko hapo, lakini heshima ya mshahara haina idadi.

Mdogo wangu anaolewa. Kaka yetu mkubwa, miaka 30, ana usonji. Wazee wanasema abaki nyumbani asije kuharibu sherehe. Yeye anataka kuja. — Dada, Zanzibar

Basi aje. Ametaka mwenyewe, na hiyo ni arusi ya dada yake.

Siku tatu kabla, mpeleke akauone ukumbi ukiwa mtupu, na mchague pamoja kiti: pembeni, karibu na mlango, mbali na spika kadiri inavyowezekana. Mwandikie mpangilio wa siku kwa saa, ukiwa na saa ya kuondoka. Kanzu mpya ifuliwe mara tatu au nne ilainike, lebo ya shingoni ikatwe. Akiitaka ile ya zamani, avae ya zamani. Kama hali pilau, mbebee chakula chake. Chagueni ishara, mathalani kukugusa kiwiko mara mbili, maana yake anataka kutoka, na akiitoa mtoke hapo hapo bila "subiri kidogo". Awepo mtu mwingine mwenye ufunguo wa gari, ili usiwe wewe unayekosekana kwenye picha.

Sehemu anayoipenda zaidi ndiyo ahudhurie. Huenda ni ndoa tu, nusu saa, msikitini, kabla spika hazijawashwa. Wazee waambie saa atakayofika na saa atakayoondoka, na kwamba wasimlazimishe kushikana mikono na kila mgeni. Akiweka mkono kifuani amewaamkia.